Uliza Ujibiwe: vidoti vyeusi kwenye beseni la yungiyungi

Toleo lililopita tuligusia juu juu mimea inayokamata wadudu, na ile inayoishi majini tukaipa mistari michache tu, basi maswali yamemiminika, mengi kutoka hapa hapa Dar, na karibu yote yanazunguka jambo moja: hiyo mitego iko wapi na mtu anaionaje kwa macho yake. Leo ukurasa wote tumewaachia nyie. Barua ndefu tumezifupisha, msituchukie.

Shikamoo anko. Mimi nipo Kigamboni, nina beseni kubwa la yungiyungi nje ya nyumba. Sasa kuna mmea umejiotea wenyewe humo, nyuzi nyuzi za kijani zimevurugika tu zinaelea, na kwenye nyuzi kuna vidoti vyeusi vingi mno. Jirani kaniambia ni mayai ya konokono, nimwage maji yote nisugue beseni. Nimwage? (Mama Yungiyungi, Kigamboni)

Marahaba mama. Usimwage kwanza. Chukua bakuli jeupe, chota maji ya humo humo kwenye beseni, tia kipande cha huo mmea urefu wa kidole, kiache kitulie, halafu angalia ukiwa umegeukia mwanga. Mayai ya konokono yanakaa pamoja ndani ya ute, ukigusa yanateleza, na konokono hachagui, anabandika kwenye jani la yungiyungi, kwenye ukuta wa beseni, popote. Sasa kama vidoti vyako kila kimoja kimeshika kwenye uzi kwa kikonyo chake chenyewe, na ukikazia macho unakuta vingine ni vya kijani hafifu vinapitisha mwanga na vingine ndo vyeusi, basi hapo hamna yai hata moja. Huo mmea ni utrikularia, hivyo ni vifuko vyake, na kila kifuko ni mtego.

Vyeusi mara nyingi ni vile vilivyozeeka au vilivyokwisha kula, vichanga utavikuta upande wa ncha inayokua. Kwa mimea ya majini vingi vina milimita 1 mpaka 4 hivi, ingawa kuna aina ambazo kifuko ni milimita 0.2, hicho bila lenzi hukioni kabisa. Mizizi hauna, usiitafute. Chakula cha jua unajitengenezea kama mimea mingine yote, tatizo ni nitrojeni na fosforasi, kwenye maji maskini havitoshi, ndo hapo unaanza kuwinda viroboto maji na vijidudu vingine vya saizi hiyo. Yungiyungi lako hauligusi, na kwa vyovyote uliingia pamoja na udongo au mche uliopandikiza.

Subiri utoe ua. Likija la manjano limesimama juu ya maji, angalia kikonyo chake: kama kimezungukwa na maboya yaliyovimba, fikiria Utricularia stellaris, ipo sana Afrika. Kama hamna maboya na nyuzi zake ni nyembamba mno, fikiria Utricularia gibba. Na jirani mwambie ahsante, konokono kweli huwa wanakuja na mimea ya majini, ila safari hii siyo.

Habari za kazi ndugu mwandishi. Nafundisha baiolojia sekondari moja huku Mbagala. Niliwaletea wanafunzi mmea huu, nikachuma vifuko kwa koleo, nikaweka kwenye slaidi nikafunika, tukachungulia kwa hadubini ya shule. Kila kifuko tulikuta povu jeusi katikati na hamna kilichocheza hata kidogo. Hadubini imekufa au mmea umekufa? (Mwalimu, Mbagala)

Salama mwalimu, pole na vumbi la chaki. Hadubini nzima, na mmea pengine ulikuwa mzima kabisa. Hilo povu ni hewa, na hewa hiyo iliingia pale pale mlipoutoa mmea majini.

Iko hivi. Kifuko kikijitega kinapampu maji yake nje kupitia kuta zake mpaka shinikizo la ndani linashuka kama kilopaskali 15 chini ya la nje, mlango umeziba hauvujishi, na kuta zimevutwa ndani zimebonyea. Chukulia droppa ya dawa ya macho, umeminya kile kimpira halafu ukaziba ncha kwa kidole: ukiondoa kidole tu inavuta chochote kilicho mbele yake, haichagui. Sasa nyie mmechomoa mmea hewani, umetikisika, mitego imefyatuka, mbele ya mlango kulikuwa na hewa, ikavutwa hewa. Siku nyingine ukitoa kichaka chake majini kisogeze sikioni, ila iwe sehemu tulivu sio pale Rangi Tatu stendi, unaweza kusikia vimlio vidogo vidogo vya kupasuka, ndo vifuko hivyo vinafyatuka kimoja kimoja.

Kwahiyo mmea usitoke majini hata sekunde moja. Zamisha mkasi, kata kipande chenye vifuko kadhaa pamoja na uzi wake, usichume kifuko kimoja kimoja maana koleo linabana na kinafyatuka kabla hujakifikisha popote, halafu kihamishe kwa kijiko kikiwa bado kinaelea kwenye maji yake. Slaidi na kifuniko chake achana navyo kwa leo, kifuniko kinagandamiza. Tumia kisahani cha petri, na kama maabara haina, mfuniko wa kopo la plastiki unaopitisha mwanga unafanya kazi ile ile. Kisha ondoka kafundishe kipindi kingine. Nasema kweli kabisa, kwa sababu hata ukiwa mpole namna gani msukosuko wa kuhamisha utakuwa umefyatua vingi, na kifuko kinahitaji dakika 15 mpaka 30 hivi kujitega upya, vingine zaidi.

Ukirudi anza na lenzi ndogo kuliko zote, ukijumlisha na ya jichoni unapata ukuzaji wa mara 40, na hiyo inatosha sana, watu wanakimbilia mara 400 wanaishia kuona ukungu. Chagua vifuko vya katikati ya uzi, vya ncha bado havijafunguka vizuri na vya nyuma vimeshachoka. Kifuko kikilala ubavu unapata picha yake nzima, kikonyo huku, mdomo kule, na juu ya mdomo kuna nywele ndefu zenye matawi zinazosaidia kuvielekeza vidudu mlangoni. Mlango wenyewe uko ndani kidogo ya mdomo, kipande chembamba kimebinuka kwa nje, na kwa chini karibu na ukingo wake vimechomoza vinywele vigumu, mara nyingi 4. Hicho ndo kifyatulio.

Ila mwalimu, kujua kama kimetegwa au hakijategwa, ubavu unadanganya. Kigeuze taratibu kwa sindano mpaka ukione kwa mgongoni. Kilichotegwa ni chembamba, mbavu zote mbili zimeingia ndani. Kilichofyatuka kimevimba. Mwanafunzi akishaona hivyo viwili vimekaa jirani kwenye kisahani kimoja hahitaji maelezo mengi.

Halafu gundisha unywele mmoja wa brashi kwenye njiti ya kiberiti, uzamishe, gusa vile vinywele vinne. Waandae wanafunzi mapema kabisa kwamba kufyatuka kwenyewe hawatakuona. Kifuko kilikuwa chembamba, sasa ni kinene, na unywele wako pengine umeng'ang'aniwa mlangoni, ya katikati hapo hamna. Kwahiyo kazi ya darasa isiwe kusubiri kuona tukio, iwe kuchora kabla na baada, halafu wachore unene wa kifuko kile kile kila baada ya dakika 5 mpaka kibonyee tena, hapo wanapata na grafu nzuri tu ya jinsi maji yanavyopampiwa nje, mwanzoni haraka, baadaye inapungua kasi.

Ukiwa na wembe mpya na mkono usiotetemeka pasua kifuko kimoja, hicho sasa weka kwenye slaidi na kifuniko ruksa. Ukuta wake una unene wa seli 2 tu. Upande wa ndani umejaa vitezi vyenye mikono 4, na karibu na mlango viko vyenye mikono 2. Vya mikono 4 ndo vinahusika na vimeng'enya na kufyonza kilichosagwa, vya mikono 2 vinahusika na kutoa maji. Humo humo utakuta pia mwani na bakteria hai wanaendelea na maisha yao, sio kila kinachoingia kinaliwa. Na ukikuta kifuko kimefyatuka wakati hamna aliyekigusa usimfokee mwanafunzi, vikikaa masaa mengi bila kuguswa vinafyatuka vyenyewe, kisha vinajitega tena.

Mambo vipi anko, niko fomu foo hapa Temeke, simu yangu ina slomo ya picha 240 kwa sekunde. Nataka nirekodi kifuko kikimeza kiroboto maji niposti TikTok. Naweza? (Mtoto wa Temeke)

Poa mdogo wangu. Piga hesabu na mimi: picha 240 kwa sekunde maana yake kutoka picha moja hadi nyingine zinapita milisekunde 4 na kidogo. Mtego unafunguka na kuvuta chini ya milisekunde 1. Kwahiyo picha ya kwanza kiroboto yuko nje, picha inayofuata yuko ndani na mlango umeshafungwa, hata slomo yako ingekuwa maradufu ya hiyo bado isingetosha. Mwaka 2011 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, na wenzao wa Freiburg, Ujerumani, walitumia kamera za maelfu ya picha kwa sekunde ndo wakaona mlango unavyobinuka kutoka nje kwenda ndani kisha unarudi, na wakapima maji yanavyoingia, mchapuko wake unafika hadi mara 600 ya ule wa mvutano wa dunia. Kiroboto hana muda wa kushtuka.

Usikate tamaa lakini. Weka simu kwenye standi juu ya kisahani, tumia kilenzi cha kubana cha simu, na uongeze viroboto maji wengi ili usisubiri mpaka usiku. Klipu ya yupo, hayupo, nayo inavutia sana, watu watairudia wenyewe kutafuta alipoingilia. Kitu kingine rahisi ni kupima kwa rangi: tia tone la rangi ya chakula karibu na mlango ndo ufyatue, maji ya rangi yanaingia kifukoni, na kwa kuwa ukuta unapitisha mwanga utaona ndani pamebadilika. Lenzi kama huna nenda kwa mafundi simu Kariakoo uulize wanatumia zipi kuangalia bodi, au kwa fundi saa, ile anayobana jichoni inakuza mara 10 hivi na hiyo kwa kuanzia ni mali safi.

Tumebishana kijiweni na tumewekeana soda. Mwenzangu anasema Darwin mwenyewe aliandika kwamba wadudu wanajiingiza wenyewe kwenye hivyo vifuko kwa kusukuma mlango. Mimi nasema vinavuta. Nani anunue? (Mbishi wa Tabata)

Anunue mwenzako, japo hajadanganya kuhusu Darwin. Kwenye kitabu chake cha mimea inayokula wadudu cha 1875 Darwin kweli alidhani mdudu anajipenyeza, anasukuma mlango kwa kichwa, mlango unamfungia nyuma. Kipindi hicho hicho Mary Treat, mama mmoja wa New Jersey, Marekani, alikaa na hadubini yake anaangalia viumbe wakiwa hai wanasogelea mlango, akaona wazi kwamba wanavutwa ndani ghafla, na Darwin alipopata habari hizo alimwandikia akakubali kwamba ile ya kichwa kusukuma haikuwa sahihi. Mimi hapo namheshimu Mary Treat zaidi ya mtu yeyote kwenye hadithi hii, maana vifaa vyake vilikuwa vya kawaida tu, alichokuwa nacho ni kukaa.

Kilichobaki kubishaniwa kwa miaka mingi baadaye ni kama mlango una hisia, yaani unapeleka ishara kama ile mimea ya nchi kavu inayofunga majani, au ni suala la umekanika tu, yaani kusukumana na kupindana bila ishara yoyote. Kwa ushahidi wa sasa ni umekanika: vile vinywele vinafanya kazi ya wenzo, vikiguswa vinaupinda mlango kidogo, na kwa kuwa maji ya nje yanausukuma muda wote, hicho kidogo kinatosha uporomokee ndani. Kufyatuka hakuchukui nguvu ya mmea hapo hapo, nguvu ilishalipwa wakati wa kupampu. Soda baridi, tafadhali.

Habari. Huku kwetu Sinza mbu wametuzidi. Kama huu mmea unakula viluwiluwi si tujaze kwenye mapipa na mitaro yote tumalizane nao? (Msomaji, Sinza)

Wazo tamu, ila hapana. Viluwiluwi vya mbu vikiwa vimetoka kuanguliwa vinanaswa kweli, na mmea ukiwa mwingi kwenye chombo kidogo unaweza kuvipunguza sana, hilo limeshajaribiwa kwenye maabara. Kiluwiluwi kikishakua mlango haukitoshi, utakuta kimenaswa mkia tu kinahangaika nje. Na maji ya mtaro wa Sinza utrikularia haitakaa, yana sabuni, yana mafuta, yana kila kitu. Halafu yule mbu aliyetuletea dengi mwaka 2014 na 2019 anapenda maji ya kwenye tairi, ndoo, kopo, sahani ya chini ya kopo la maua. Hapo dawa ni kumwaga maji kila wiki, kabla kiluwiluwi hakijageuka mbu, huna haja ya mmea.

Anko naomba unielekeze pa kuupata hapa Dar, na je ni salama kuingia bwawani? (Msomaji, Ubungo)

Tafuta maji yaliyotulia, masafi, yasiyo na chumvi, yenye jua: madimbwi yanayodumu baada ya masika huko pembezoni, majaruba ya mpunga upande wa Ruvu, au kwa watu wanaofuga yungiyungi, muulize Mama wa Kigamboni. Bonde la Msimbazi achana nalo, maji yale yamechafuka. Kuingia usiingie. Ukanda wetu wa Pwani una kichocho, na kichocho kinapita kwenye ngozi wala hukisikii, kwahiyo simama ukingoni kwenye ardhi ngumu, vaa buti na glovu, tumia mti mrefu uliofungwa kata au kichujio, na ukingo wa mto Ruvu wenyewe hata huo usisogelee, mamba hawajahama.

Nyumbani weka kwenye maji ya mvua. Maji ya kisima sehemu nyingi za Dar yana chumvi, mmea unaoza ndani ya muda mfupi, na ya bomba yakiwa na klorini kali nayo hayafai. Mbolea usitie hata kidogo, utapata mwani tu na vifuko vitapungua. Ukichoka nao uanike ufe, usiumwage mtoni wala kwenye bwawa la mtu, Utricularia gibba kipande kidogo tu kinatosha kuanzisha koloni jipya, na kwa gugu maji peke yake nchi hii imeshapata tabu ya kutosha.

Nimeona klipu ya mmea wa majini wenye vimdomo vinavyofumba kwa kubana, havifanani na hivyo vifuko mlivyoandika. Ni kitu hicho hicho? (Msomaji, Masaki)

Siyo. Huo ni Aldrovanda vesiculosa, na undugu wake hauko kwa utrikularia, uko kwa ule mmea maarufu wa Carolina, Marekani, unaofumba majani kumkamata nzi. Nao hauna mizizi na unaelea, ila mitego yake imepangwa duara duara kuzunguka shina, kila mmoja ni jani lenye mabawa 2 na vinywele kwa ndani, kidudu kikigusa mabawa yanafumba. Kwa mimea ya majini inayowinda kwa mitego ya kucheza, ni hizi jamii mbili tu, hii ya kubana na ile ya kuvuta. Aldrovanda ipo Ulaya, Asia, Australia na Afrika pia, Botswana kwa mfano, ila kila mahali imekuwa adimu na imeorodheshwa kimataifa kwamba iko hatarini kutoweka, kwahiyo mtu akikwambia anauza uliza ameitoa wapi.

Kufumba kwake kunachukua milisekunde kumi na kitu mpaka ishirini na ushee. Kwa jicho bado ni kufumba na kufumbua, lakini kwa ile slomo ya kijana wa Temeke zinapatikana picha tatu nne za mabawa yakiwa njiani.